Siku Bi Mkubwa Alipomwagikiwa Mchuzi

Anayekohoa hachimbiwi kaburi. Ndivyo mlivyoambiwa leo kule mashineni, mlipotaka ile mashine ya kukoboa itupwe kwa sababu inanguruma na kusitasita. Sasa mmenijia mkitaka kujua nani alikohoa na nani alichimba. Kaeni basi, mnisaidie kuchambua mchele huu, maana hadithi yenyewe haisikilizwi kwa mikono mitupu. Na msidhani ni methali ya enzi za mababu. Wazazi wenu walikuwapo, na baadhi yenu mlikuwa mkibebwa mgongoni. Ilianza hivi.

Kule Kwemtindi, nje kidogo ya mji wa Muheza, aliishi mshereheshaji wa harusi aitwaye Mhina Semkiwa. Mtu wa maneno, Mhina. Angeweza kumsifu bwana harusi mwenye chongo mpaka wageni wakatamani kuwa na chongo. Aliishi na mkewe Tatu na mama yake, Bi Mishi, mwanamke mwembamba mwenye pumu, ambaye kikohozi chake kilijulikana mtaa mzima. Watu walikuwa wakikisikia alfajiri wanasema, "Kumekucha, Bi Mishi kaamka."

Riziki ya Mhina ilikuwa ndani ya kompyuta ya kupakata aliyoinunua imeshatumika, nene kama chapati kumi zilizopangwa, herufi zake zimefutika kwa kubonyezwa. Nyimbo zote za harusi zilikuwa humo. Mhina aliipa jina: Bi Mkubwa. Alisema ni kwa sababu haipendi kuharakishwa, kuamka kwake ni shughuli, lakini ikishaamka hainyamazi. Sasa ninyi mnajua kwamba siku hizi watu wengi humwita mama mzazi bi mkubwa. Mhina naye alijua. Hakuwaza tu.

Ijumaa moja asubuhi, kesho yake ikiwa na harusi kubwa, Mhina alikuwa sebuleni akifanya mazoezi ya kumwingiza bibi harusi ukumbini. Akaweka wimbo, akafumba macho, akanyoosha mkono kumkaribisha bibi harusi asiyekuwapo. Mkono ukakumba bakuli la mchuzi wa nazi. Mchuzi wote ukamwagikia vitufe. Bi Mkubwa akakoroma, akafanya "khu, khu, khu," kioo kikawa cheusi.

Tatu alikuja mbio na kitambaa. "Izime! Igeuze juu chini, mchuzi utoke! Halafu tuipeleke kwa fundi Jumbe."

"Fundi atafufua maiti?" Mhina akajibu. "Hii imekwisha, mke wangu. Sasa ni kununua nyingine."

Alisema hivyo kwa uso wa msiba, lakini moyoni kulikuwa na kajifuraha alikokaonea haya. Mwezi uliopita, kwenye harusi moja, alimwona mshereheshaji mwenzake akifungua kompyuta nyembamba ya rangi ya fedha, taratibu, kama mtu anayefungua kijisanduku cha marashi. Kisha watu wakaitazama ya Mhina, na mzee mmoja akauliza kama ile nayo inatumia mkaa. Tangu siku hiyo Mhina alikuwa akingoja sababu. Sababu imekuja yenyewe, tena na nazi.

"Fundi aiangalie kwanza," Tatu akasisitiza. "Kama ni kibodi tu, kibodi hubadilishwa."

"Umeisikia ilivyokoroma? Ile ilikuwa roho ikitoka."

Wakati huo Bi Mishi alipita mlangoni na furushi lake la ukili, akiaga kwamba anakwenda kusuka kwa shoga yake upande wa pili wa shamba. Mhina hakuinua kichwa. Alikuwa akifuta binzari kwenye herufi.

Alipobaki peke yake, akampigia simu kaka yake, Hoza, mkulima wa machungwa kule Korogwe. Hoza alikuwa mtu mwenye moyo mkubwa, mikono mipana na machozi ya karibu.

"Kaka," Mhina akaanza, kwa ile sauti yake ya ukumbini, "Bi Mkubwa hatunaye."

Hoza akauliza, "Unasemaje?"

"Hatunaye. Asubuhi hii hii. Kamwagikiwa mchuzi, kakoroma kidogo, kazimika."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!" Hoza akaangua kilio.

Mhina alishangaa. Hakujua kwamba kaka yake aliipenda kompyuta ile kiasi hicho. "Usilie, kaka. Alikuwa ameshachoka. Mimi nilikuwa nafikiria mchango tu, maana kesho kuna watu wengi na sina kitu mkononi."

"Mchango?" Hoza akafoka katikati ya kwikwi. "Mimi mkubwa wako nipo, unanitajia mchango? Kila kitu kitatoka kwangu! Na jamaa wote nitawaarifu mimi. Wewe tulia, mdogo wangu, tulia."

Simu ikakatika. Mhina akaibusu. Kaka kama huyu ungempata wapi? Akavaa shati safi, akaenda zake Tanga mjini kuichagua ile ya rangi ya fedha.

Tatu naye hakukubali kushindwa. Alitaka kompyuta ikauke kabla fundi hajaifungua, na kitanda pekee cha kamba nyumbani, kinachopitisha hewa chini, kilikuwa cha Bi Mishi. Akailaza pale kifudifudi. Nzi wakaanza kuifuata harufu ya mchuzi, kwa hiyo akaifunika kwa shuka jeupe. Kisha akaenda kumtafuta fundi Jumbe, akaambiwa yuko msikitini, akakaa kumsubiri.

Hoza alifika na gari limejaa jamaa, magunia na masufuria. Hakuna aliyewapokea. Alisukuma mlango wa chumba cha mama yake, akaona kitanda, akaona shuka jeupe, na chini ya shuka kitu kidogo, bapa, kisichozidi sinia. Akaurudisha mlango na kujishika kichwa.

"Jamani, mama kaisha!" akalia. "Maradhi yamemla mpaka hakuna kilichobaki! Asiingie mtu mpaka waoshaji waje."

Basi msiba ukaanza. Turubai likafungwa, mikeka ikatandikwa, wali ukatelekwa, na vijana wawili wenye nguvu wakapelekwa shambani kuchimba kaburi kando ya la marehemu baba yao.

Mhina alirudi kutoka Tanga akipiga mluzi. Muuza duka alikuwa ameahidi kumwekea kompyuta ile mpaka kaka yake alete pesa. Alipokata kona akaona turubai mbele ya nyumba yake, mluzi ukamkauka mdomoni. Akamshika mkono mtu aliyekuwa akibeba benchi.

"Kuna nini? Nani kafariki?"

Yule mtu akaweka benchi chini, akamtazama kwa huruma. "Pole sana, Mhina. Jikaze. Ni mama."

Mhina alikaa pale pale chini, kwenye vumbi, na shati lake safi. Mama yake alikuwa amepita asubuhi mlangoni, amemuaga, naye hakuinua hata macho, kwa sababu ya herufi zilizofutika. Alijaribu kukumbuka kama aliitikia. Hakuitikia. Mtu aliyekuwa na neno kwa kila shughuli sasa hakuwa na hata moja, alilia tu kama mtoto, kamasi na vyote.

Hoza akaja, akamwinua na kumkumbatia. "Lia, mdogo wangu. Asubuhi ulijikaza mno uliponipa habari. Nikajiuliza, huyu ana moyo wa namna gani?"

Mhina akafuta pua. "Mimi? Nilikupa habari gani?"

"Si ulinipigia? Ukasema, Bi Mkubwa hatunaye."

Mhina akaacha kulia ghafla. Alimtazama kaka yake, akalitazama turubai, akayatazama masufuria. Akafungua mdomo aseme, lakini kabla hajasema, wachimba kaburi wawili walitokea shambani wakikimbia, udongo umewajaa mpaka kwenye nyusi, mmoja kavaa kiatu kimoja.

"Tumemsikia!" wakapiga kelele. "Anakohoa!"

"Nani?"

"Marehemu!"

Na kweli, nyuma yao kikohozi kile ambacho mtaa mzima ulikijua kikapanda taratibu kwenye njia. Khu, khu, khu. Wanawake wakashikana. Bi Mishi akatokea na furushi lake la ukili kichwani, ameudhika.

"Vijana gani hawa?" akauliza. "Nimepita pale kwa baba yenu, nimewakuta wanachimba. Nimeinama kuwauliza nani kafa, wameruka kama panzi na majembe wameyaacha. Haya, kafa nani nyumbani kwangu bila mimi kuambiwa?"

Hoza alirudi nyuma mpaka akakalia beseni la vitunguu. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "umekufa wewe."

"Nani kasema?"

Macho yote yakamgeukia Mhina.

Alipiga magoti. Akaeleza yote: mchuzi, jina, simu, Tanga. Hakupamba hata neno moja. Bi Mishi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaelekea chumbani kwake, umati ukimfuata. Akafunua shuka.

"Huyu ndiye mimi?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Ndipo Tatu akaingia na fundi Jumbe, wote wawili wakiwa hawaelewi kwa nini watu wamejaa hivyo. Fundi akaifungua kompyuta kwa bisibisi, akapangusa mchuzi hapa na pale, akaiunganisha na umeme kwa tahadhari. Feni ndani ikasitasita. Khu. Khu, khu.

"Inafanya nini hiyo?" Bi Mishi akauliza.

"Inakohoa, mama," fundi akajibu. "Kibodi imekufa, hiyo nitaibadilisha. Mengine yako salama."

"Na mimi, Mhina, hufanya nini kila alfajiri?"

"Unakohoa, mama."

"Basi sikieni, wewe na kaka yako anayelia kabla ya kuuliza. Anayekohoa hachimbiwi kaburi."

"Lakini mama," Mhina akanong'ona, maana tamaa nayo ni mgonjwa asiyekufa haraka, "ile mpya ni nyembamba sana."

"Hata mimi ni mwembamba sana," Bi Mishi akasema, "na leo mmetaka kunizika."

Hapo watu wakashindwa kujizuia. Walicheka mpaka kamba moja ya turubai ikakatika. Wali ulikuwa umeshaiva, ukaliwa kwa furaha, na Bi Mishi akakaa katikati akidai aelezwe nani alilia kwa dhati na nani alikuja kula. Mhina na Hoza walipewa majembe yale yale wakafukie shimo, lakini mama yao akabadili mawazo, akaamuru lipandwe mgomba, shimo zuri hivyo lisipotee bure.

Fundi alifunga kibodi nyingine jioni ile. Kesho yake harusi ikafana, ingawa kila kompyuta ilipopata moto wageni wa mbele walianza kuulizana ni mchuzi gani unaopikwa. Mhina akalibadilisha jina la ile kompyuta mbele ya mashahidi.

Iliendelea kumtumikia miaka mingi, mpaka siku moja ikagoma. Mhina hakumpigia mtu simu. Alimwita mama yake kwanza. Bi Mishi akaja na mkongojo, akakaa kando yake, akaitegea sikio kwa muda mrefu. Kimya.

"Hii sasa haikohoi, nunua nyingine," akasema. Kisha akakohoa kwa nguvu, akawatazama wanawe wote wawili usoni, mmoja baada ya mwingine, wasije wakakosea tena.

Basi mkiisikia, jueni ilikotoka: anayekohoa hachimbiwi kaburi.