Darubini ya Likwembe

"Darubini humsogeza nyati, haimsogezi msasi." Vijana waliokuwa wakisomea uaskari wa wanyamapori waliisikia methali hii kwa Bibi Nambunga, aliyepika miaka mingi katika kambi za wasasi, wakataka kujua ilikotoka. Bibi akawaeleza mwanzo wake.

Likwembe wa Liwale alikuwa msasi mwenye leseni. Kwa miaka thelathini hakuwahi kumwacha mnyama na jeraha porini, na sifa hiyo aliitunza kuliko bunduki yake ya mitutu miwili. Fundi aliipanga mitutu hiyo ili risasi zikutane hatua sitini mbele. Kupita hapo, kila moja hushika njia yake. Macho yalipoanza kufifia, Likwembe akaifunga darubini juu ya bunduki.

Asubuhi moja yeye na Gama, Mngoni mfuata nyayo na mtani wake, walimwona nyati dume ng'ambo ya mbuga. Likwembe akachungulia kiooni. Akaona hata kupe sikioni.

"Tusogee," Gama akanong'ona. "Hizi ni hatua mia mbili."

"Yuko puani pangu, mtani."

"Kilicho puani pako ni kioo. Au siku hizi miguu nayo imeingia ukungu?"

Neno hilo lilimchoma Likwembe. Akafyatua. Nyati akajikunja, kisha akatokomea kichakani.

Kwenye nyasi walikuta damu iliyochanganyika na uchafu wa tumbo.

"Aliyejeruhi hutangulia," alisema Gama, safari hii bila utani.

Likwembe akatangulia. Walifuata damu hadi alasiri. Kila mahali nyati alipolala palikuwa pamelowa damu. Hatimaye Likwembe akasikia pumzi nzito. Akainua bunduki, lakini kioo kikajaa manyoya meusi tu, asijue bega ni lipi wala shingo ni ipi. Akaifungua darubini kutoka kwenye bunduki, akaitia mfukoni, akasogea. Alipiga akiwa hatua kumi tu kutoka kwake. Nyati akaanguka, hakuinuka tena.

Likwembe akaweka mkono juu ya pembe.

"Utaitupa hiyo darubini?" Gama akauliza.

"Haina kosa, mtani. Ilinionyesha sawasawa. Mimi ndiye niliyekataa kutembea."

Hakuitupa. Tangu siku ile aliitumia kuchagua mahali pa kupiga, ila kwanza alitambaa mpaka ndani ya hatua zake sitini. Wasasi wachanga walipomcheka kwa kuchubua magoti ilhali kioo anacho, aliwajibu:

"Darubini humsogeza nyati, haimsogezi msasi."