Mto Haulambi Sukari

Mto haulambi sukari. Leo asubuhi mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo kijana aliyekuwa akisuuza ndoo ya molasi mtoni, nanyi mkacheka mkidhani ni mzaha. Maneno hayo yana wenyewe, na wenyewe hao niliwajua. Acheni kutafuna miwa kidogo mnisikie, maana yalianza hivi.

Kabla bonde letu halijapata kiwanda kikubwa, palikuwa na kinu kimoja tu cha sukari guru kando ya Mto Msindazi, mali ya Mzee Lipungu. Ng'ombe walikizungusha, miwa ikakamuliwa, juisi ikachemshwa kwenye makarai mapana mpaka ikawa nzito. Lipungu alikuwa na mkono wazi. Mpita njia hakuondoka bila kipande cha kulamba, na hata mto aliukumbuka. Kazi ilipokwisha, makarai yalioshwa ukingoni, na povu lote na molasi iliyokataa kuganda vikamwagwa majini. Yeye husema, "Haya, mto, nawe pata chai yako." Wafanyakazi huitikia, "Karibu chai." Ndivyo walivyofunga kazi kila jioni.

Miwa ikastawi, makarai yakaongezwa, na chai ya mto nayo ikaongezeka. Ndipo perege wakaanza kupanda juu ya maji, midomo wazi, wakifumba na kufumbua. Lipungu akafurahi sana. "Waone wanavyolamba," akasema. "Nani asiyependa tamu?" Hakuna aliyembishia. Ukikaa na sukari muda mrefu, unadhani dunia nzima ina ulimi kama wako.

Huko chini mtoni aliishi Siwema, mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki mapema, na Lipungu alimlea mwenyewe, akimsuka nywele vibaya mpaka watoto wenziwe wakamcheka. Sasa alikuwa ameolewa na Mponda, mvuvi aliyetega samaki kwa migono, ile mitego ya kusuka, na alikuwa amejifungua binti. Kila Lipungu alipomwaga masalia alisema kwamba salamu za Siwema zinashuka.

Siku moja akasikia kwamba Mponda anahama na mkewe, wanakwenda kwenye mto wa mbali kwa sababu migono inatoka mitupu. Akafunga sukari guru kwenye majani ya mgomba, akashika njia, akimlaani mkwewe kimoyomoyo kwa uvivu. Alikuwa amempakata mjukuu wake mara moja tu.

Alikuta mizigo imeshafungwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio yuko wapi?"

"Amekwenda kuazima mkokoteni. Pumzika, nikupe chai."

Lipungu akapiga funda moja, akakunja uso. "Siwema, chai gani hii? Haina sukari, tena inanuka."

"Sukari imo, baba. Ilitiwa huko juu."

Akadhani anataniwa, lakini Siwema hakucheka. Alimbeba mtoto mgongoni, akamtangulia baba yake mpaka mtoni. Maji yalikuwa ya kijivu, yana utando, yananuka kama pombe iliyolala. Migono ilikuwa imepinduliwa ukingoni, na perege waliokufa walikuwa wamenasa kwenye matete.

"Haya ndiyo maji tunayoyachemsha tukanywa," Siwema akasema kwa upole. "Ndiyo ninayomwogeshea mtoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Kila anayetoka kwako ananiambia, baba yako amekutumia salamu kwa mto."

"Lakini samaki nimewaona mimi mwenyewe. Wanalamba."

"Wanatafuta pumzi, baba. Sukari ikioza majini, hewa inakwisha. Mto haulambi sukari. Unaibeba tu, unamletea aliye chini."

Lipungu akanyoosha mikono, akapewa mtoto, akamtazama mpaka machozi yakamshuka ndevuni. "Nilidhani nakulisha," akasema.

"Najua, baba. Ndiyo maana sikuweza kukukasirikia, hata nilipotaka."

Mponda aliporudi na mkokoteni, alimkuta mzee akiikaza kamba ya mizigo kwa mikono yake. Akashangaa, maana mkwe habebi mizigo ya mkwewe.

"Mkwe wangu," Lipungu akasema, "mto huu nimeuharibu mimi. Sikuombi ukae. Nenda kwenye samaki, mke wako ale, mtoto wako aoge. Ila ukisikia maji yamepona, niletee mjukuu wangu."

Mponda akampa mzee mkono, kisha yeye na mkewe na mtoto wakaondoka.

Kule kinuni Lipungu akachimba shimo pana, mbali na ukingo. Maji ya kuoshea makarai yakaishia humo, yakapoa, yakachotwa kupelekwa kwenye mifereji ya mashamba. Povu wakala ng'ombe. Ilikuwa kazi nzito, na baadhi ya wafanyakazi walinung'unika kwamba mzee amekuwa bahili hata kwa mto. Jioni aliketi ukingoni peke yake akiangalia maji. Masika yakapita, yakaja mengine, na mtoto alikuwa akikulia kwa watu.

Kisha siku moja, wakati wa mavuno, Siwema akatokea kinuni, na nyuma yake Mponda amebeba migono mipya. Katikati yao alikuwa anatembea binti mdogo asiyemjua babu yake. Lipungu akachuchumaa, akampa kipande cha sukari guru. Mtoto akakilamba, akakitazama, kisha akaenda mpaka ukingoni na kunyoosha mkono, anataka kuupa na mto. Watu wote kinuni wakaacha kazi.

Lipungu akamfuata, akaushika ule mkono mdogo, akaurudisha taratibu mdomoni kwa mwenyewe.

"Mto haulambi sukari, mke wangu," akamwambia. "Lamba wewe."