Kivuli cha Chini ya Mlima

Ndugu, soma haya polepole. Ukimaliza, mtumie yeyote ambaye akiita "Mama" bado anaitikiwa.

Mpiga picha mmoja wa milima ya Upare, Sifueli, alikuwa na mama mgonjwa, Bi Nakijwa. Mama alikuwa amelazwa hospitalini mjini, na daktari alikwisha kusema kwamba hataweza tena kupanda mlima kurudi kwake. Aliomba jambo moja tu: "Mwanangu, niletee kwetu nipaone."

Sifueli alikuwa na kamera ya picha ndefu, ile inayochukua safu nzima ya mlima kwa mara moja. Akaenda dukani kutafuta filamu ya slaidi, ambayo picha yake huinuliwa kwenye mwanga ili itazamwe. Zilikuwa zimebaki mbili.

"Hii ina rangi kali," alisema muuzaji, mzee wa makamo. "Majani yatawaka. Lakini kivuli chake ni giza tupu. Hii nyingine ni pole, haina mbwembwe, ila hata kivulini utaona kitu. Na slaidi hairekebishwi, fundi. Ulichopiga ndicho ulichopata."

"Nipe hiyo kali. Mama amechoka na kuta nyeupe."

"Unapigia kalenda au unampigia mama?"

"Wewe uza filamu, mzee," Sifueli akacheka.

Alipanda mlimani, akapiga alasiri jua likiwa limelala upande mmoja. Filamu ikapelekwa Dar kusafishwa. Mama akangoja wiki mbili, kila siku akiuliza.

Picha ilipofika, Sifueli aliishika dirishani. Nesi akashangilia: "Bibi, kumbe kwenu ni peponi!"

Mama alitazama kwa muda mrefu. Mlima ulikuwa kijani kibichi, mbingu buluu kama kitenge kipya. Chini ya mlima palikuwa peusi.

"Nzuri, mwanangu. Ahsante. Baba yako yuko wapi?"

Sifueli akaisogeza picha karibu zaidi na mwanga. Kaburi la baba lilikuwa pale chini, migombani, ndani ya ule weusi.

"Nilitaka kuona kama mawe yake yamekaa," mama akasema. "Na pale kando, maana ndipo nitakapolala."

"Nitarudi, Mama. Ile filamu nyingine bado ipo."

"Nenda. Mungu akutangulie."

Aliinunua kweli. Lakini kabla hajapanda, Bwana alimwita Bi Nakijwa, alfajiri ya Alhamisi.

Sifueli alipiga picha ile siku ya tatu baada ya maziko, saa ile ile, kivuli kile kile. Iliporudi kutoka Dar, rangi zilikuwa pole, na kivulini kila kitu kilionekana: migomba, mawe ya baba yake, na kando yake udongo mpya.

Akaiinua dirishani kwake. Hakuwepo wa kuuliza kitu.

Funzo: Kabla hujampa umpendaye kile unachokiona kizuri, muulize anatamani kuona nini, na umuulize wakati Mungu angali amekuachia.