Bi Sange na Bomba Lililosema

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati ukungu uliposhuka mlimani na kuingia majumbani bila kubisha hodi, palikuwa na kijiji cha wanyama kikiitwa Ukunguni. Sogea huku, wewe unayetafuna muwa! Ukitafuna hivyo hatusikii kitu.

Huko Ukunguni kila mtu alikuwa mzito wa usingizi. Taa ziliwaka kidogo tu, nyekundu kama macho ya mtu aliyelia. Mtambo wa umeme ulikuwa umezeeka. Maji ya chemchemi yaliuzungusha kru... kru... kru, halafu nao unapumzika. Mabomba yalikuwa yameoza, na maji mengi yaliishia njiani.

Wakubwa wa maji walikuwa wawili. Mzee Tembo alikuwa mwenyekiti wa chama cha maji na umeme. Bwana Kiboko alikuwa mlinzi wa tangi, na ulinzi wake, jamani, ulikuwa kulala humohumo ndani ya tangi, tumbo juu, akikoroma.

Chini kabisa, bondeni, aliishi Bi Sange na watoto wake. Sange mnamjua? Yule mdogo mwenye pua ndefu kama mrija, ukimwita panya ananuna kutwa nzima. Huko kwao maji hayakufika hata tone. Kila asubuhi alipanda mlima na kibuyu chake, na kila asubuhi Kiboko alimjibu bila kufumbua macho, "Rudi kesho, nimelala."

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Midomo ya kitinda mimba wake ikapasuka kwa kiu. Majirani wakaanza kufunga virago. Bi Sange alilia, tena alilia kweli, maana pale bondeni ndipo alipozaliwa na hakutaka kuhama.

Basi chama kikapata mabomba mapya, na mtambo mpya wenye gurudumu kubwa la kuzungushwa na maji. Vitu vikarundikwa uwanjani, vikangoja. Vikangoja nini? Ugomvi!

"Mtambo ukae kwangu, kando ya tangi," alisema Kiboko.

"Kwako? We mzima kweli?" alifoka Tembo. "Mwenyekiti ni mimi! Utakaa langoni kwangu."

"Na sisi wa bondeni, Mjomba?" aliuliza Bi Sange. Alimwita Tembo mjomba kwa sababu ya pua, na Tembo hakukataa.

"Bondeni kuna nani?" aliuliza Kiboko, akipiga miayo. Wala hakuwa akimtania. Hakujua.

Sasa shikeni desturi ya Ukunguni. Wakubwa wakishindwa kuelewana juu ya maji, waliyauliza maji yenyewe. Walilaza sikio kwenye bomba, kijiji kizima kikanyamaza, na litakalosikika ndilo litakalofuatwa. Miaka yote walisikia mvumo tu, kila mkubwa akaueleza apendavyo.

Bi Sange alitoka pale amechoka hoi. Akaingia ndani ya bomba moja jipya apate kivuli. Mle ndani mlikuwa na ubaridi mtamu! Akasinzia. Akaota maji yanapita mlangoni kwake, taratibu, yanamwita kwa jina lake. Akashtuka, akaitika, "Abee!"

Looo! Sauti ikatokea upande wa pili nene, imevimba, kama ya mtu asiye na mwili. Kunguru waliokuwa nje wakaruka, puruuu! Bi Sange akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Siku ya kusikiliza ilipofika, ukungu ulikuwa umetanda uwanja mzima. Tembo akalaza sikio lake pana kwenye bomba moja jipya. Kiboko akalaza lake dogo. Kimyaaa.

"Ewe maji, wataka kukaa wapi?" aliuliza Tembo.

"Sitaki kukaaaa," lilisema bomba. "Nikikaa nasinzia. Nikisinzia, taa zenu nazo zinasinzia."

"Mama yangu!" Kiboko akaruka. "Yamesema!"

"Nishusheni bondeniii. Niacheni nikimbie, nilirukie gurudumu kwa nguvu zangu zote. Hapo ndipo mtakapouona mwanga."

"Na njiani je?" aliuliza Tembo.

"Njiani nipige hodi kila mlango."

"Na mimi mlinzi?" aliuliza Kiboko.

"Wewe toka kitandani mwangu!"

Kicheko kilichoanguka hapo! Kiboko alitoka tangini, wanangu, na hakurudi tena.

Kazi ikaanza. Tembo akabeba nguzo za umeme begani. Kiboko akachimba mtaro kwa meno, chaka, chaka, akitazama nyuma asije akayaudhi maji. Bomba likashuka mlima, nyumba hadi nyumba, mpaka bondeni gurudumu lilipofungwa. Kiboko peke yake hakufika huko. Yeye alichimba mpaka katikati, wengine wakamalizia.

Jioni ya kufungulia ikafika. Lakini Tembo akasema, "Tusikilize tena kwanza. Isije ikawa yamebadili nia."

Moyo wa Bi Sange ukafanya paa! Bomba limelala kimya, litasema nini? Akajipenyeza kwenye kitundu cha hewa karibu na koki, akashuka gizani, akakaa tayari.

"Maji, tufungulie?" aliuliza Tembo pale kwenye kitundu.

"Fungueniii," lilisema bomba. Kisha vumbi likamwingia puani. "Ngojeni kwa... chya!"

"He! Maji yana mafua?" aliuliza Kiboko.

"Yanapata baridi, maskini!" alisema Tembo. "Fungua upesi!"

Kiboko akazungusha koki.

Wuuuuuu! Maji yakamkumba Bi Sange. Akateleza katika giza lile refu, mwepesi, hajui juu wala chini, na maji yakiimba pande zote kama yale ya ndotoni. Alidhani amekufa. Mara, chubwi! Akatupwa nje, akaangukia gurudumu, likamzungusha mzunguko mzima, likammwaga dimbwini mbele ya watoto wake.

Na taa zikawaka. Paa! Paa! Paa! Kuanzia bondeni kwenda juu, mlango kwa mlango, nyeupe, mpaka ukungu wenyewe ukang'aa.

Wakubwa wakaja mbio kutazama. Wakamkuta Bi Sange ameloa chapachapa, anapiga chafya. "Chya!"

Kiboko akasimama. Alikuwa mzito wa usingizi lakini hakuwa mjinga hivyo. "Kumbe ni wewe! Umenichimbisha mtaro kwa meno yangu! Leo nakukanyaga!"

Akainua mguu. Lakini taa ya mlangoni ilikuwa inawaka, na chini ya taa walisimama watoto wa Bi Sange, wamekumbatiana, midomo imewapasuka. Nyuma yao watoto wa jirani. Nyuma yao wengine tena.

Mguu ukabaki hewani.

"Hawa wote wanaishi huku?" aliuliza Kiboko polepole. "Kila nilipotazama chini niliona ukungu tu."

Kiboko akashusha mguu pembeni. Akaona kibuyu mlangoni, akakijua, ni kile alichokuwa akikirudisha kitupu kila asubuhi. Akakijaza, akapiga magoti, akamnywesha kitinda mimba. Aibu ilimjaa mpaka masikioni.

"Kwa hiyo maji hayajui kusema?" aliuliza Tembo, kwa huzuni kidogo.

"Yanajua, Mjomba," alisema Bi Sange. "Sikiliza."

Wakanyamaza wote. Maji yalikuwa yanapita, yanapiga hodi mlango kwa mlango, na hakuna aliyesinzia.

Hadithi yangu imefika bondeni, anayetaka kuirudisha mlimani aibebe mwenyewe. Nanyi wanangu, mkitaka kujua kama kitu ni cha wote, kakiulizieni nyumba ya mwisho.