Kaa la Bi Somoe

Paukwa!
Pakawa.
Paukwa jiko.
Pakawa moto.
Moto wa nani?
Wa jirani.

Hapo kale, wenzangu, kulikuwa na mji wa Vumbini, na mfalme wake akiitwa Ndaro. Siku hizo kibiriti hakijulikani. Moto wako ukizimika unachukua kigae, unabisha hodi kwa jirani, unapewa kaa. Aliyefuata moto haketi, maana akizubaa litamzimikia njiani. Lakini aliyeleta moto lazima aketi mpaka jiko liwake. Ndiyo adabu ya mji ule, mfalme na mchunga mbuzi sawasawa.

Ndaro akaingiwa na tamaa. Akapiga mbiu kwamba moto utatoka jikoni kwake tu, kaa moja kwa kuku mmoja, na atakayempa jirani moto atafungwa mpaka mwezi mwingine uandame. Watu wakanung'unika, kisha wakapeleka kuku. Na nyinyi mngepeleka, msinitazame hivyo.

Bi Somoe alikuwa mfinyanzi wa vyungu, mjane, na jirani yake Mize alikuwa ndiyo kwanza ajifungue. Mvua ikanyesha, moto wa Mize ukazimika. Kuku hana, wote wameshakwenda kwa mfalme. Mzazi hana maji ya moto ya kukandwa, mtoto anatetemeka, na kilio chake Somoe anakisikia ukutani. Damu ikamchemka. Akachukua kigae.

Mize akamsihi kupitia ukutani apite uani, asionekane.

"Nikipita uani nitakuwa mwizi," Somoe akasema, "na mimi sijaiba kitu."

Akapita njia kuu, mchana kweupe, kigae mkononi, akiamkia kila mtu kwa jina. Msidhani hakuogopa. Akaingia kwa Mize, akaketi mpaka jiko likawaka, maji yakachemka, mtoto akanyamaza. Kisha akatia kaa jingine kigaeni, akaenda moja kwa moja barazani kwa mfalme.

Ndaro akauliza nani kamkamata. Akaambiwa hakuna, kaja na miguu yake. Mfalme akaona haya kumfunga mjane mbele za watu, akamwambia aseme tu kwamba alisahau, aende zake.

"Sikusahau, mfalme. Nilikumbuka, nikatoa. Na kesho nikiwa nje nitatoa tena. Sheria yako inasema nifungwe, basi nifunge."

Akafungwa, yeye na kigae chake, maana kadhi alisema ushahidi ukae na mfungwa.

Kesho yake akaja mke wa mhunzi na kigae. Umefanya nini? Nimetoa moto. Umejuta? Sijajuta. Ingia. Akaja mpiga mbiu mwenyewe. Umefanya nini? Nimetoa moto. Umejuta? Sijajuta. Ingia. Wakaja wapishi wa mfalme, wote, na upawa wao. Umejuta? Hatujajuta. Ingieni.

Gereza likajaa moshi na harufu ya mchuzi. Jikoni kwa mfalme hakubaki wa kuchochea, na moto ukafa. Ndaro akalala na njaa, akaamka na njaa, akashinda na njaa. Mwishowe akachukua kigae, akaenda kusimama mlangoni pa gereza, akaomba kaa.

Somoe akamtazama. Alimwonea huruma kidogo, kidogo sana.

"Nitakupa, wala siogopi. Ila kwa sheria yako nitafungwa tena. Mbiu itatangaza nimefungwa kwa kumpa nani?"

Palepale, mbele ya wafungwa, mfalme akaifuta sheria kwa kinywa chake, akawaambia watoke wote. Wakatoka na vigae vyao wakiimba. Somoe akampa mfalme kaa lake, kisha akarudi ndani.

Ndaro akamwambia amesamehewa.

"Msamaha ni wa mkosaji," Somoe akasema. "Nilijua adhabu yangu kabla sijatoa kaa. Mwezi haujaandama. Asije mtu kusema niliikimbia."

Mvua ikanyesha tena, gereza likavuja, moto wa Somoe ukazimika. Akakaa gizani na baridi yake, akimfikiria mtoto wa Mize, na hakujuta.

Asubuhi akasikia hodi. Ndaro mwenyewe, kilemba kimelowa, kashika kigae chenye kaa. Hakumtuma mtu. Akaliweka mafigani, akageuka upesi aondoke, maana hakutaka kuonekana mle ndani.

Somoe akamvutia mkeka wa wafungwa.

"Hukufuata moto, mfalme. Umeleta. Keti."

Ndaro akautazama mlango, akautazama mkeka. Akaketi gerezani, akapuliza moto, mpaka ukawaka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kaa nimewapa, msizubae nalo njiani. Atakayeulizwa kalipata wapi, aseme jina langu.