Bi Nungu Alivyoifunga Njia ya Korongoni

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo sauti ya wagonjwa? Paukwa!

PAKAWA!

Haya! Hapo kale, kale ya juzijuzi maana mji ulikwishajengwa, palikuwa na korongo katikati ya mji. Juu kote nyumba. Chini uwanja mpana, nyasi tele, watoto wa wanyama wanacheza mpaka wanasahau kula. Njia ya karibu ya kupandia ilikuwa moja tu, nyembamba, katikati ya majabali mawili yanayoteleza. Na hapo njiani ndipo alipokaa Bi Nungu, nungunungu mwenye hasira zake.

Pu pu pu, wanapita. Pu pu pu, wanarudi. "Kelele mlangoni kwangu kila siku! Basi!" Akaokota miiba yake yote iliyomdondoka, akaichomeka njiani. Chwi! Chwi! Chwi! Njia ikafungwa.

Mama Digidigi akaja kutoka chini. "Shoga, sasa sisi tupande wapi?"

"Zungukeni."

"Kuzunguka ni nusu siku!"

"Shauri yenu!"

Wee! Mchana uleule mvua ikapiga juu mjini. Maji ya mji mzima yakaenda wapi? Korongoni! Vuuuuu! Wanyama wote mbio mpaka kwenye miiba. "Bi Nungu, fungua!"

Bi Nungu kajikunja shimoni, hataki kusikia.

Kanga akapaza sauti: "Na mwanao yuko huku!"

Ala! Bi Nungu akageuka. Mtoto hayupo! Katoroka tangu asubuhi, kafuata wenzake uwanjani.

Akairukia miiba, akaing'oa kwa meno. Mdomo unatoka damu, anang'oa tu. Kanga akapita na vifaranga. "Mwanangu?" "Yuko nyuma!" Nguchiro akapita. "Mwanangu?" "Nyuma!" Ngiri akapita, mkia juu. "Mwanangu jamani!" "Nyuma, nyuma!" Maji yanapanda. Bi Nungu akapiga yowe.

Mara huyoo, Mama Digidigi, wa mwisho kabisa, anayumba, kambeba mtoto wa Bi Nungu mgongoni! Mtoto kwa hofu kasimamisha miiba yake, na yote imemwingia mama wa watu. Damu chururu. Hakumtua.

"Mpokee, shoga. Mwanao anachoma."

Bi Nungu akalia, akalia mbele ya wote. Mpaka jua likazama akakaa anamchomoa Mama Digidigi miiba mgongoni, mmoja mmoja, anamwomba radhi. Na wanyama wakawa wanapita njiani.

Basi wadogo kwa wakubwa, sikieni: njia ya wote usiifunge, hujui mwanao yuko upande gani. Nami nimefika, hadithi yangu imekomea hapo.