Kidawa Akubali Kosa

Ulimi wa Kidawa, dereva wa bajaji, ulikuwa mtamu kuliko halua, na wengi waliouonja walijuta. Siku moja alikuwa amesimama kando ya kituo cha zimamoto akingoja abiria. Bosi Lukindo, tajiri wa malori, akarudi nyuma na ligari lake bila kutazama, akamvunjia taa, kisha akasimama palepale langoni mwa kituo.

Akashuka akifoka. "Ukubali kosa wewe, la sivyo bajaji hii hutaiendesha tena mjini hapa!"

Polisi walikuwa wamechoshwa na ajali za mikwaruzo, wakampa wakala binafsi kazi ya kuziandikia ripoti. Naye alikuwa na sharti moja: pande mbili zikikubaliana, shauri limekwisha.

"Nakubali, bosi," Kidawa akasema kwa unyenyekevu. "Ila ukisema gari lilikuwa linatembea, wakala atatugawia kosa. Mwambie umeegesha hapa tangu asubuhi."

"Kumbe una akili!"

Wakala akafika na pikipiki. Bosi akatunisha kifua. "Nimeegesha hapa tangu alfajiri. Gari halijasogea hata inchi!"

"Kweli tupu," Kidawa akaitikia.

Wakala akalitazama lango. "Basi hii si kazi yangu. Asubuhi gari la zimamoto lilishindwa kutoka hapa, na polisi wanamsaka aliyeziba njia." Akatoa simu.

"Usipige!" Bosi akapiga yowe. "Nimefika sasa hivi! Nilirudi nyuma nikamgonga huyu dada!"

Wakala akamgeukia Kidawa. "Nawe unasemaje?"

"Mimi leo," akajibu Kidawa, "kila asemalo bosi nalikubali."